Geti la ngazi kwa mtoto anayetambaa: mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe

Mama wa Njiro

Ndugu zangu, salamu. Tunaishi Njiro, Arusha, katika nyumba ya kupanga ya ghorofa moja, ambamo vyumba vyote vya kulala viko juu, sebule na jiko viko chini. Binti yetu ametimiza miezi minane, na tangu wiki mbili zilizopita anatambaa kwa kasi ambayo dada anayetusaidia kazi hawezi hata kukunja nguo bila kugeuka nyuma kila dakika. Ngazi zetu ni za zege lililowekwa vigae, vidato kumi na sita.

Nilinunua geti la chuma la mtumba, lile linalojikaza kwa skrubu nne za pembeni zenye vikombe vya mpira, bila kutoboa chochote. Muuzaji alinihakikishia kwamba linafaa juu na chini. Nimelifunga juu ya ngazi, upande mmoja likiegemea ukuta na upande wa pili likiegemea nguzo ya bomba la duara inayobeba reli. Kila nikilikaza, vikombe vinateleza kwenye bomba, na jana mume wangu alilisukuma kwa goti tu, likang'oka lote. Mwenye nyumba ni mzee muungwana, lakini amesema wazi kwamba hataki kuta zake zitobolewe. Je, ipo namna ya kulifanya geti hili lishike, au nitafute jingine? Na je, ni lazima yawe mawili?

Seremala wa Pasua, Moshi

Mama, pole kwa usumbufu. Geti lako si bovu, ila limewekwa mahali ambapo halikukusudiwa. Geti la kubana hushikiliwa na msuguano peke yake, na mtoto hulitikisa kila siku, kwa hiyo hulegea kidogo kidogo bila mtu kugundua. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wajikwae: geti la namna hiyo lina umbo la herufi U, nao upau wake wa chini hubaki sakafuni hata mlango ukiwa wazi. Mtu aliyebeba mtoto mkono mmoja na beseni la nguo mkono wa pili akijikwaa hapo, wanaanguka wawili. Lihamishie chini, kwenye kidato cha kwanza, kwa sababu hata likilegea huko mtoto atakuwa sakafuni, hana pa kuporomokea.

Juu panahitaji geti la kufungwa kwa skrubu, lisilo na upau wa chini. Nguzo ya bomba usiitoboe. Chukua mbao ya inchi mbili kwa mbili, chonga upande mmoja mfuo unaolikumbatia bomba, kisha uifunge kwa bolti mbili au tatu za umbo la U, zile ambazo mafundi wa magari hufungia mabomba ya ekzosi. Upande wa ukuta, weka mbao bapa ndefu kuliko geti, uishikize kwa skrubu nne tu zenye fisha (vile vibomba vya plastiki vinavyoingizwa kwenye tundu ili skrubu ishike), na bawaba zote zifungwe kwenye mbao, si kwenye ukuta. Kwa hiyo mwenye nyumba atabaki na matundu manne madogo, ambayo siku ya kuhama mtayaziba na kupaka rangi. Mweleze hivyo kabla hujashika drili, na ikiwezekana umwandikie.

Hadhari moja kuhusu ukuta wa bloku: plasta peke yake haishiki kitu. Skrubu lazima ivuke mbao, ivuke plasta, ndipo iume tofali lenyewe, kwa hiyo ile fupi ya kuning'inizia picha haitoshi. Tundu likianguka kwenye kiungo cha tofali na likawa linamwaga mchanga, achana nalo na utoboe pembeni.

Baba Mapacha, Sakina

Naunga mkono maelezo ya fundi, na naomba kuongeza jambo ambalo mama hakuliuliza. Reli ya ngazi yako ina vyuma vya wima au vya kulala? Siku hizi nyumba nyingi hapa Arusha zinafungwa reli za mabomba yanayong'aa, yaliyopangwa kwa mlalo, na kwa macho ya mtu mzima zinapendeza sana. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hiyo ni ngazi nyingine juu ya ngazi. Sisi tulifunga geti zuri kabisa, tukalala usingizi, na baada ya miezi michache tukamkuta mmoja wa mapacha amesimama kwenye bomba la pili la reli, akichungulia sebule. Ilibidi tuzibe upande wa ndani wa reli yote kwa plaiwudi nyembamba. Haipendezi, lakini hakuna tena pa kukanyaga.

Geti lenyewe pia liwe na fito za wima tu, na nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita sita, kwa sababu mwili wa mtoto ukipita, kichwa ndicho kitakachokwama.

Mjukuu wa Marangu

Kwa heshima zote, nadhani tunazidisha. Sisi tulikulia milimani, nyumba ikiwa juu na mgomba ukiwa bondeni, na hakuna aliyetufungia geti. Mtoto afundishwe kushuka kinyumenyume, miguu ikitangulia, na atazoea.

Nesi Mstaafu, Moshi

Mwanangu wa Marangu, kufundisha kushuka kinyumenyume ni jambo jema na mimi mwenyewe niliwafundisha wajukuu wangu, lakini mteremko wa udongo na majani si sawa na vidato kumi na sita vya vigae. Mtoto wa miezi minane anaweza kuiga tendo leo na kulisahau kesho akiona paka. Afundishwe ukiwa umekaa kidato kimoja chini yake, na geti libaki palepale mpaka afikishe takriban miaka miwili, au mpaka siku utakapomwona anaanza kulipanda. Siku hiyo liondoe, kwa sababu atakuwa akianguka kutoka juu zaidi kuliko kama lisingekuwepo. Watu wazima nao wasiliruke. Walifungue na kulifunga, hata kama wana haraka.

Na kama mmemnunulia woka yenye magurudumu, kile kiti cha mtoto kujifunzia kutembea, iondoeni nyumbani kabisa. Mtoto akiwa ndani yake hufika ukingoni mwa ngazi kabla hujamaliza kuita jina lake. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivyo mwaka 2004.

Mama wa Njiro

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Woka tulipewa zawadi. Kuanzia leo imeingia stoo. Reli yetu ni ya vyuma vya wima, nashukuru. Mzee amekubali matundu manne baada ya mume wangu kumwandikia kwamba tutayaziba na kupaka rangi kwa gharama yetu. Geti la chini limeshika vizuri, kwa kuwa huko kuna kuta pande zote mbili.

Kwa la juu, naona mtandaoni mitumba ya Ulaya, mengine yakiwa na maandishi EN 1930, na mengine ni ya mbao yanayokunjuka kama kinanda cha mkono. Je, ninunue, au nitengenezewe? Nimepima upana: chini sentimita 91, katikati 93, juu 93.

Seremala wa Pasua, Moshi

Hayo maandishi ni kiwango cha Ulaya cha mageti ya watoto, na ni dalili nzuri, mradi vipande vyote na skrubu zake vimo. Yale ya kukunjuka yenye matundu ya umbo la almasi yaache, kwa sababu shingo ya mtoto huweza kunaswa humo. Ukiamua kutengenezewa, mwambie fundi: kimo sentimita 75 au zaidi, nafasi ya chini isifike sentimita tano, kingo zote zipigwe msasa, na kitasa kiwe cha kuhitaji matendo mawili, kuinua kwanza ndipo kuvuta. Komeo la kawaida la kusukuma atalijua kabla ya mwaka kuisha.

Bawaba zikae upande wa ukuta, na mlango ufunguke kuelekea kwenye korido, usielekee ngazini hata kidogo.

Hizo sentimita mbili zinazopungua chini ni skating, yaani ule ukanda wa vigae ulio chini ya ukuta. Usiikate. Fundi akwangue mbao ya ukutani kwa nyuma ili iipite skating na kulala sawasawa kwenye plasta, na kipimo cha geti akichukue baada ya mbao zote mbili kufungwa, si kabla.