Kugeuza matokeo ya simulesheni ya mtambo kuwa video yenye sura halisi

Swali

Salaam wanajukwaa. Nina simulesheni ya injini ya pistoni moja inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, na programu niliyoitumia hunipa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye mahali na pembe za kila kipande kwa kila sekunde 0.001. Nimeyaingiza maumbo katika Blender, programu ya picha za 3D, na kuyaendesha kwa msimbo wa Python, lakini video ya fremu 25 kwa sekunde inaonyesha pistoni imeganda. Gia ya pembeni nayo mara nyingine hugeuka duara la ukungu kwa fremu moja kisha ikarudi kawaida, na chuma chote kinafanana na plastiki. Je, niiache Blender ikokotoe mwendo yenyewe?

Jibu la 1

Usifanye hivyo, ndugu. Fizikia iliyomo ndani ya Blender, ambayo ni programu iitwayo Bullet, hufaa kwa matofali yanayoporomoka. Mwendo umekwisha kuukokotoa, na kilichobaki ni kuupiga picha.

Kuganda kwa pistoni ni hesabu tupu. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, yaani miwili kamili katika kila fremu, hivyo kila picha huikuta pistoni palepale. Ukiurefusha muda mara 100, kila fremu itabeba nyuzi 7.2 za mzunguko na macho yataweza kuufuata. Ila fremu moja sasa itakuwa sekunde 0.0004 za simulesheni, kwa hiyo irudie simulesheni ukirekodi kwa hatua hiyo badala ya kukisia thamani za katikati.

Duara la ukungu linatokana na pembe inayoruka kutoka 180 hadi -180: Blender huirudisha gia mzunguko mzima kati ya fremu mbili, na ukungu wa mwendo hunasa safari hiyo yote. Tumia kwaternioni, yaani namba nne (w, x, y, z) zinazoeleza mkao wa kitu badala ya pembe, ukikumbuka kwamba Blender huanza na w ilhali PyBullet, maktaba ya simulesheni ya Python, kwa mfano, huiweka mwisho. Vilevile kwaternioni q na -q (namba zilezile zenye alama zilizogeuzwa) ni mkao uleule, hivyo geuza alama pale kwaternioni moja inapopingana na iliyoitangulia.

Jibu la 2

Naongezea kuhusu sura ya chuma. Kipimo cha umetali (Metallic) katika mipangilio ya nyenzo kiwe 1, kwani thamani za katikati hutoa kitu ambacho si chuma wala plastiki. Chuma huonekana kwa kile kinachokiakisi, na mandhari ya kijivu tupu hayakipi cha kuakisi. Weka picha ya mazingira ya nyuzi 360, ambazo tovuti ya Poly Haven huzitoa bure. Kisha tazama kingo. Katika programu za usanifu huwa kali kama wembe, lakini kipande halisi huwa na ukingo uliolainika kidogo, na ule utepe mwembamba unaonasa mwanga ndio unaolishawishi jicho.

Hakikisha pia vipimo. Pistoni ya milimita 80 ikisomwa kuwa mita 80, ukungu wa lenzi kwa vitu vilivyo mbali na fokasi hutoweka kabisa.

Jibu la 3

Renda (toa picha za mwisho) fremu mojamoja kama faili za picha za PNG, kisha ziunganishe kuwa video kwa programu ya FFmpeg. Kompyuta ikizimika katikati ya kazi, utaendelea na fremu iliyofuata, ilhali faili la video lililokatika huenda lisifunguke.