Tupeane uzoefu: filamu ya mashujaa wanaiita ya familia, wewe unajuaje inamfaa mtoto wako?

Mama Zawadi, Nakuru

Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba tusaidiane, maana jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima.

Jumamosi niliwawekea watoto The Incredibles, ile katuni ya mwaka 2004 ya familia yenye nguvu za ajabu. Mkubwa ana miaka 10, mdogo 6. Mimi nilikuwa jikoni nasukuma chapati, nasikia vicheko, nikaridhika. Jumatatu saa kumi alfajiri baba yao anajiandaa kutoka (huendesha lori la mizigo hadi Malaba), kiatu cha kushoto hakionekani. Tukatafuta chini ya kitanda, nyuma ya kochi, hata nje kwa kuku. Nilikuja kukipata ndani ya gunia la makaa, kimezikwa vizuri kabisa, kamba zimepigwa mafundo matatu. Mdogo amesimama mlangoni na shuka lake. Akasema, "Baba asiende. Yule baba pia alisema anaenda kazini."

Usiku huo nikaitazama yote mwenyewe, dakika 115. Kumbe baba wa kwenye filamu anamwambia mkewe anasafiri kikazi, naye anakwenda kisiwani kwa siri, mwisho anakamatwa. Mama anamfuata kwa ndege, watoto wawili wamejificha humo humo, na ndege inarushiwa makombora huku mama akilia redioni kwamba ndani kuna watoto. Baba yuko mateka, anasikia kila kitu, na anaamini wamekufa. Mimi mtu mzima nilishika kifua. Marekani waliipa alama ya PG, yaani mzazi awepo aongoze. Mimi niliona michoro na rangi, nikaenda zangu jikoni.

Nyinyi mnapima vipi? Siulizi habari za ngumi. Ngumi wangu wamezizoea.

Mwalimu wa Kondele, Kisumu

Pole sana Mama Zawadi. Nafundisha gredi ya 2, na mwisho wa muhula mmoja tuliwaonyesha watoto filamu ya mashujaa, si hiyo yako. Mimi ndiye niliyeichagua. Nilikagua damu, nikakagua matusi, nikakagua mambo ya kubusiana. Safi. Majengo yakaanguka, watoto wakapiga makofi. Halafu ikaja sehemu fupi, haifiki dakika moja, mama anamuaga mwanawe anapanda gari. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaanza kulia bila sauti, amejaza kola ya sweta mdomoni. Mama yake alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi mwaka huo. Nilijua, na sikufikiria.

Tangu siku hiyo nikikagua filamu natafuta kwanza kama kuna mzazi anayepotea, na anarudi lini. Akirudi haraka, watoto wadogo hustahimili. Akirudi dakika za mwisho, huyo mtoto amekaa saa nzima na hofu na wewe unadhani anaburudika. Halafu natazama darasa langu, nani ana baba hospitalini, nani amezika juzi. Alama ya kwenye kasha haiwajui watoto hawa.

Baba J, Kakamega

Nikiongezea hapo kwa alama: hapa kwetu bodi ya uainishaji wa filamu ina GE kwa watu wote, PG, 16 na 18. Kwenye runinga, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vituo havitakiwi kuonyesha mambo ya watu wazima. Lakini wengi wetu tunajaziwa filamu kwenye flashi pale stendi, na flashi haina alama yoyote. Kazi yote inabaki kwako.

Mama Neema, Bungoma

Naomba wazazi wenye watoto wa kifafa wanisikie. Sehemu ya pili ya hiyo The Incredibles, iliyotoka 2018, ina pambano la mama shujaa na adui anayepumbaza watu kwa skrini, na taa zinawaka na kuzima haraka haraka mfululizo. Ilipotoka, kumbi za sinema Marekani ziliombwa kubandika onyo. Sisi tuliipata kwa flashi, onyo tulitoe wapi? Mwanangu wa miaka 9 alikuwa amekaa mkekani karibu kabisa na runinga, taa tumezima ili "iwe kama sinema". Alianguka palepale.

Si kila mwenye kifafa huathiriwa na mwanga wa namna hiyo, ila wangu ndivyo alivyo na hatukujua. Kliniki walitushauri hivi: taa ya chumba iwake, mtoto akae mbali, na mwanga ukianza kuwaka na kuzima hivyo, azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho tu hakutoshi, mwanga hupita kwenye kope. Sasa anajiziba mwenyewe hata kabla sijasema.

Mzee wa Busia

Wanangu, msiwafungie watoto hofu yote. Sisi tulilelewa na hadithi za amanani, yaani mazimwi, wanaomeza watu kijiji kizima, na tulilala. Lakini nyanya alikuwa anasimulia huku anatutazama. Akiona mmoja amejikunyata, zimwi linatapika watu mapema, au anaanzisha wimbo tunaitikia wote. Nafikiri tofauti iko hapo. Nikiwa na wajukuu nakaa na rimoti mkononi, nasimamisha, nauliza, "Unadhani atatokaje hapo?" Wanabishana wee, hofu inapungua.

Dada wa Nyalenda

Na zile zinazotafsiriwa na madijei, tafadhali sikilizeni kabla. Picha inaweza kuwa ya watoto na maneno yakawa ya kilabuni. Wangu alimwita mwalimu jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Mama Zawadi, Nakuru

Asanteni, Mungu awabariki. Mama Neema, pole mno, nimeituma habari yako kwa dada yangu usiku huu huu.

Jana tuliirudia tukiwa wote sebuleni, baba yao katikati, rimoti kwake. Ndege ilipoanza kufukuzwa akasimamisha kama alivyosema mzee, akauliza watatokaje. Mdogo akasema mama anaweza kuwa mwavuli, anaweza kuwa mtumbwi. Kweli mama alipogeuka mtumbwi, mtoto alisimama juu ya kochi.

Leo alfajiri viatu vyote viwili vilikuwa mlangoni. Wamekubaliana baba apige simu Burnt Forest, Eldoret, Webuye, halafu Malaba. Amepiga mbili mpaka sasa. Mdogo ameandika majina ya vituo nyuma ya daftari, na hajakubali kwenda kuoga kabla ya Webuye.