Kamati ya Mwakyembe: ilisaka ukweli wa Richmond au ilimsaka Lowassa?

Mwanamgulani
Wakuu salaam. Nimetoka kubishana na shemeji yangu mpaka chai imepoa, naileta hapa kwenye wengi.

Kwa waliokuwa chekechea wakati ule: mwaka 2006 mvua zilikata, bwawa la Mtera likabaki tope, tukaingia kwenye mgao wa umeme. Juni mwaka huo ukasainiwa mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond ya Houston, Marekani, megawati 100. Mitambo ikachelewa, mvua zikarudi, mkataba ukahamia kwa kampuni nyingine, Dowans. TAKUKURU wakachunguza, wakasema hawaoni rushwa. Novemba 2007 Bunge likaunda Kamati Teule chini ya Dk. Mwakyembe. Ripoti ikasomwa Dodoma Februari 6, 2008, na kesho yake Edward Lowassa akatangaza bungeni kwamba amemwandikia Rais kuomba kuachia uwaziri mkuu. Mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakaachia, Kikwete akavunja baraza zima.

Hoja yangu ni moja. Kamati ilivuka bahari kwenda kuitafuta Richmond Marekani, lakini haikumhoji Waziri Mkuu wa nchi hii hii. Ile haikuwa kamati ya uchunguzi. CCM walikuwa wanamalizana wenyewe kwa wenyewe kwa gharama ya mlipa kodi. Anayebisha aje na hoja, matusi ayaache mlangoni.

Kisu Butu
Alijiuzulu mwenyewe. Nani alimshika mkono akasaini?

Bi Kiroboto
Kaka Mwanamgulani, hilo la kutohojiwa mnalipenda sana. Kamati ilijitetea kwamba nyaraka zilijitosheleza. Mimi mwenyewe naona wangemwita tu, ubishi ukaisha. Lakini siku ya mjadala Lowassa alipewa nafasi ya kuzungumza mapema kabisa, ukumbi umejaa, nchi nzima inasikiliza. Angeipangua ripoti ukurasa kwa ukurasa. Akasema ameonewa, akasema tatizo ni huo uwaziri mkuu, basi.

Halafu huyu ndiye aliyewatimua City Water mwaka 2005 akiwa Waziri wa Maji. Waingereza wakatushtaki nje na fidia hawakupata. Mtu wa namna hiyo ashindwe kuwatimua Richmond wasio na jenereta hata moja? Hapo ndipo mnapokwama siku zote.

Mwanamgulani
City Water ilikuwa wizara yake mwenyewe. Nishati ilikuwa ya Msabaha, baadaye Karamagi. Na 2015 alisema hadharani kwamba alitaka mkataba uvunjwe, akazuiwa na walio juu. Juu ya Waziri Mkuu kuna nani, dada yangu? Taja.

Kisu Butu
Hapo kila mtu anajifanya anatafuta chaja ya simu.

Chifu Mstaafu
Vijana, mnaongea kama vile ugomvi ulianza 2008. Rudini 2005. Kikwete, Lowassa, Rostam, na Samuel Sitta huyo huyo mnayemwita jemedari wa vita dhidi ya ufisadi, wote walikuwa kundi moja ndani ya CCM, Mtandao. Walishinda pamoja, wakagawana pamoja, na kama ilivyo kawaida wapo waliotoka mezani wakiona wamepunjwa. Sitta akawa Spika, akaja na "kasi na viwango" vyake, Bunge likawa tamu kulisikiliza. Lakini hakuna aliyeacha makovu yake nje ya ukumbi.

Wakamjibu. Agosti 2009 NEC ya CCM ilikaa Dodoma, Sitta akashambuliwa mpaka habari za kunyang'anywa kadi zikawa zinatajwa. Ikaundwa kamati ya Mzee Mwinyi, pamoja na Msekwa na Kinana, kuwapatanisha. Februari 2010 Sitta huyo huyo akafunga mjadala wa Richmond bungeni. Novemba akatafuta uspika tena, chama kikasema safari hii zamu ya wanawake, akapewa Mama Makinda. Ghafla tu usawa wa jinsia ukawa wa haraka namna ile.

Sasa mnauliza ilikuwa vita au ukweli. Mtu hawezi kukuchukia na bado akakuta kweli umeiba? Kamati ilikuta Houston kuna mambo ya uchapaji, hakuna historia ya kuzalisha umeme. Hilo haliondoki kwa sababu aliyelisema alikuwa na hasira zake. Ninachowalaumu ni kwamba waliishia katikati. Mwakyembe mwenyewe aliwahi kutamba kwamba mengine waliyaacha ili serikali isianguke. Ukishasema hivyo, umempa kila mtu ruhusa ya kujaza pengo kwa anayemchukia.

Mnyamwezi Halisi
Chifu shikamoo. Umesahau kwamba ile ilikuwa pia vita ya Tabora. Sitta Urambo, Selelii wa kamati Nzega, Rostam Igunga. Sisi wa huko tulikuwa tunasikiliza Bunge kama mechi ya Simba na Yanga. Selelii 2010 akaangushwa kura za maoni, Rostam 2011 akaachia ubunge akilalamikia siasa uchwara. Mkoa mzima ukawa umelipishwa.

Chifu Mstaafu
Marahaba. Umenena.

Kamanda Ubungo
Mnazunguka mbuyu. Kamati yenyewe ilikuwa CCM watupu, mlitegemea nini? Wanajichunguza, wanajihukumu, wanajisamehe.

Bi Kiroboto
Watupu? Habib Mnyaa wa Mkanyageni alikuwa chama gani?

Kamanda Ubungo
Mmoja kati ya watano ndio upinzani huo? Mimi nazungumzia fikra za kamati, sizungumzii kadi iliyo mfukoni.

Bi Kiroboto
Umesema "watupu", ukabanwa, umehamia kwenye fikra. Haya ndiyo matokeo ya kubishana na mazao ya shule za kata.

Zao la Kata
Samahani, nilikuwa napita tu kimya. Shule za kata zimeingiaje hapa?

Mimi ni zao lake, jina langu linasema. Kidato cha kwanza 2007, sisi ndio wa mwanzo pale. Madarasa mawili, la tatu lilikuwa na kuta bila paa. Madawati yalitosha safu mbili za mbele, waliobaki tulikalia matofali, na tofali lako ulikuwa unaliandika jina kwa chaki maana ukienda msalani unakuta limehamishwa. Mwalimu wa Historia ndiye alitufundisha hesabu. Chumba kilichoandikwa MAABARA kilikuwa stoo ya mahindi ya mwalimu mkuu. Leo naendesha familia kwa elimu hiyo, na ripoti ya Mwakyembe nimeisoma, sijasimuliwa. Kwa hiyo, Bi Kiroboto, tafuta tusi lingine.

Mama Pacha
Zao la Kata nimekupenda bure.

Mwanamgulani
Na nani alizisimamia shule hizo? Nauliza tu. Nani alikuwa anazunguka wilaya kwa wilaya 2006 akiwabana wakuu wa mikoa mpaka kila kata iwe na sekondari? Yule yule mnayesema alikuwa bize na Richmond. Bila Lowassa, huyu ndugu yetu angebaki na cheti cha darasa la saba.

Bi Kiroboto
Sikumtukana yeye, nilikuwa na Kamanda. Na kama mnataka tuseme, tuseme. Zile shule ziliitwa yeboyebo na wananchi wenyewe, si mimi. Majengo yalikwenda mbio, walimu wakatafutwa voda fasta. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 mliyaona, asilimia kama 60 sifuri, mpaka yakafutwa yakapangwa upya. Huo nao ni urithi.

Zao la Kata
2012 Lowassa alikuwa ameondoka miaka minne. Waliobaki walikuwa wanafanya nini, wanasubiri majengo yafundishe?

Chifu Mstaafu
Kidogo na mimi. Shule zile hazikujengwa na Lowassa, zilijengwa na mama zenu. Kijijini kwetu mgambo walipita na daftari. Huna mchango, wanaondoka na kuku. Huna kuku, wanatazama mbuzi. Kuna bibi mmoja jirani alifunga mbuzi wake chumbani siku ya ukaguzi, akamfunika kanga, mbuzi akalia. Alichukuliwa. Mjukuu wa bibi huyo sasa ni afisa kilimo. Kwa hiyo mkipiga makofi, mpige na kwa mbuzi.

Kisu Butu
Mbuzi naye hakuhojiwa na kamati.

Mama Pacha
Kisu Butu umeniua mbavu.

Mwanamgulani
Cheka lakini hujajibu. Mchango ulikuwepo miaka yote na shule hazikujengwa. Zilijengwa alipopatikana mtu wa kusukuma. Na maji ya Ziwa Victoria kufika Kahama na Shinyanga? Misri ilikuwa inang'ang'ania mkataba wa mkoloni wa 1929, nani aliyewaambia sisi tunachota?

Kamanda Ubungo
Sasa hapo umenena, Mwanamgulani. Ndiyo maana 2015 kura milioni sita zilimfuata. Wananchi hawakuwa wajinga.

Bi Kiroboto
Ngoja. NGOJA. Kamanda, wewe si ndiye dakika chache zilizopita ulikuwa unasema CCM wanajisamehe? Septemba 2007, Mwembe Yanga, Temeke. Dk. Slaa wa CHADEMA yenu alisoma orodha ya mafisadi, na Lowassa alikuwemo. Mkaizungusha orodha hiyo nchi nzima miaka minane. Julai 2015 jina likakatwa Dodoma, wajumbe wanaimba wana imani na Lowassa mbele ya mwenyekiti wao, na kabla mwezi haujaisha mkamvisha kombati. Slaa akaondoka zake, Lipumba naye akabwaga uenyekiti wa CUF. Nyinyi mlibaki mnazungusha mikono, mabadiliko, mabadiliko. Kati ya kamati iliyomhukumu bila kumhoji na chama kilichomsafisha bila kumhoji, kipi kibaya zaidi?

Kamanda Ubungo
Wewe kaa na chama chako kilichompokea tena Machi 2019 pale Lumumba, mwenyekiti wenu kakenua meno yote. Alikuwa fisadi kwenu, akaja kwetu mkasema tumechukua mzigo, akarudi kwenu akawa mzee mwenye busara. Na Februari 2024 alipofariki nani aliyetoa hotuba nzito zaidi za sifa? Si nyinyi?

Bi Kiroboto
Nani kakwambia mimi nina chama? Na marehemu anasifiwa, ni utu. Kwenu hamna?

Kamanda Ubungo
Nyie "wasio na chama" tunawajua kwa harufu.

Mama Pacha
Jamani, tusifike kwenye harufu.

Mnyamwezi Halisi
Mnamsakama Lowassa na CHADEMA, mbona hamuwataji majaji? Sitta na Mwakyembe wote wawili walichukua fomu za urais 2015, mbio zile zile alizokuwemo mtu waliyemwangusha. Mwakyembe baada ya uchaguzi wa 2010 tayari alikuwa naibu waziri. Sitta naye akapewa Afrika Mashariki. Manyanya wa kamati akapewa ukuu wa mkoa, baadaye naibu waziri. Selelii wangu tu ndiye aliyerudi shambani. Simtuhumu mtu, napanga tu matukio kwa mstari.

Chifu Mstaafu
Na Hosea wa TAKUKURU, ambaye ripoti ilitaka awajibishwe kwa kusema hakuna rushwa, alikaa kitini mpaka 2015. Hapo mnaona maazimio ya Bunge yalivyokuwa na meno. Aliyeng'oka aling'oka siku ile ile kwa aibu. Aliyekomaa, mvua ilimpita.

Mwanamgulani
Chifu umenisaidia hoja. Kama maazimio yote yangetekelezwa ningeamini lengo lilikuwa rushwa. Kilichotekelezwa kwa haraka ni kumtoa mtu mmoja na mawaziri wawili.

Chifu Mstaafu
Sijakusaidia. Wewe unasema kwa kuwa waliishia kwake, alionewa. Mimi nasema kwa kuwa waliishia kwake, wengine walipona. Ni vitu viwili tofauti, ingawa najua leo hutaki kuvitenganisha.

Mama Pacha
Naomba niulize kama mlipa bili wa kawaida. Ripoti ilisema Dowans wanalipwa milioni 152 kwa siku, wawashe wasiwashe. Kila mtu akakariri hiyo namba. Hela hizo ziliishia wapi?

Kisu Butu
Mkataba ulivunjwa 2008, Dowans wakaenda mahakama ya usuluhishi ya ICC, 2010 tukaamriwa kulipa. Magazeti yakaandika bilioni 94. Yaani ripoti ilimng'oa Waziri Mkuu, kampuni ikatudai.

Mama Pacha
Na mitambo?

Kisu Butu
Mitambo ilibaki Ubungo, haijui siasa. Kampuni ya Symbion ikainunua 2011. Mwaka huo huo Hillary Clinton akaja kuitembelea, halafu Julai 2013 Obama mwenyewe akapita pale, akapewa ule mpira unaozalisha umeme ukiuchezea, akaupiga danadana na kichwa mbele ya kamera. Nilikuwa naangalia kwenye luninga ya kinyozi, pembeni jamaa mmoja anauliza, "Hii si ile mitambo ya Lowassa?" Kinyozi akamzima, tuangalie mpira.

Kamanda Ubungo
Mitambo ya Lowassa? Ilikuwa ya Dowans. Tuweke kumbukumbu sawa.

Bi Kiroboto
Leo Kamanda ndiye mtunza kumbukumbu! Aliyesema kamati ilikuwa CCM watupu!

Zao la Kata
Bi Kiroboto, bado nasubiri lile tusi ulifute.

Bi Kiroboto
Lilikuwa la Kamanda, nimeshasema. Mwambie yeye alitoe.

Mwanamgulani
Tukimaliza Richmond twende sakata la Escrow la 2014, ile nayo kamati ilikuwa na mambo yake.

Chifu Mstaafu
Escrow fungua uzi wako. Na ukifungua, anza kwa kuweka majina ya wajumbe na vyama vyao juu kabisa, tusije tukapoteza tena saa nzima kwa Mnyaa.