Tupeane uzoefu: maafa yalipowakuta, kanisa lilifanya nini hasa? (na msikiti pia)

Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, asalaam aleikum. Wadau, parokiani kwetu padre kasoma tangazo la sadaka ya pili kwa ajili ya waathirika wa mafuriko, misa ilipoisha mjadala ukahamia nje. Mmoja anasema hizo hela hazifikagi, mwingine anasema tukusanye nguo, bibi mmoja akasema yeye atafunga na kusali maana ndicho alichonacho, kijana akamcheka mbele za watu. Sasa naomba waliokutwa na maafa wenyewe, au waliokwenda kugawa misaada kwa mikono yao, watusimulie. Kilifika nini, nini kilikuwa mzigo tu, na maombi yana kazi gani kwa mtu ambaye hana hata sufuria. Siasa muache mlangoni tafadhali.

Dada wa Katesh

Mi ni wa Katesh, huku Hanang mkoani Manyara, mnivumilie nitaandika kidogo kidogo. Ilikuwa Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua imepiga usiku, alfajiri watu wanajiandaa misa ya kwanza ndo mlima ukatushukia. Msidhani ni maji jamani, lile lilikuwa tope zito limebeba mawe na magogo mazima toka juu Hanang, likapita Jorodom, Ganana, Gendabi huko, likaingia mpaka mjini sokoni. Mwanzoni watu wakavumisha eti volkano imelipuka, baadae serikali ikaeleza kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji mengi ikalegea ikameguka. Waliofariki ni zaidi ya 80, na mji wenyewe ni mdogo, kwahiyo hakuna nyumba isiyokuwa na msiba wake au wa jirani.

Kilichotusaidia asubuhi ile, kabla hata wanajeshi hawajafika, ni daftari la jumuiya. Mnaosali jumuiya ndogo ndogo mnalijua, lina kaya zote, nani katoa tegemeza (mchango wa kanisa) nani bado, nani mgonjwa, nani kajifungua. Mwenyekiti wetu alisimama nalo barabarani anaita kaya moja moja, mko wote? watoto je? yule mpangaji wenu wa uani? Asipoitika mtu ndo vijana wanaenda kuchimba pale. Ofisi ya kijiji nao wana orodha yao ni kweli, ila orodha ile haina mtoto wa dada aliyekuja kula likizo ya Desemba, mwenyekiti wa jumuiya anamjua mpaka huyo maana Alhamisi yake walisali nae rozari sebuleni.

Nguo zilikuja nyingi mno. Asee kuna suti za harusi, kuna viatu vya kisigino, mtu kaleta mpaka gauni la ubatizo, na sisi kule ni baridi watu wanataka blanketi na mabuti ya mvua. Halafu wakaja masista wamepanga vitu kwenye ndoo, kila mama ndoo yake, ndani kuna pedi, chupi mpya, kanga, sabuni, kiberiti na sufuria ndogo. Hapo ndo wamama wengi walilia, maana tangu Jumapili kina baba wa kamati wanaandika unga na maharage tu hakuna aliyewaza hayo mengine. Na ndoo yenyewe ikabaki ya kuchotea maji!

Mzee wa Usharika

Pole sana dada. Hilo la daftari nimelichukua, kwetu KKKT (Walutheri) kazi hiyo wanayo wazee wa mtaa, ila tunalitumiaga kudai ahadi tu, sijawahi kufikiria kumbe linaweza kutafutia mtu kwenye tope.

Omwana wa Kashai

Mi ni Muislamu wa Bukoba, ila mada inanihusu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi saa tisa na nusu alasiri hivi, kipimo 5.9. Ihungo na Nyakato sekondari zilichakaa mpaka zikafungwa, nyumba za matofali ya kuchoma ndo usiseme, kuta zimepasuka alama ya X. Usiku ule hakuna aliyekubali kuingia ndani, tumelala kwenye migomba na watoto, ardhi ikitikisika kidogo watu wanapiga kelele.

Sasa angalieni kalenda. Jumapili wenzetu wakasali nje, padre kaweka meza uwanjani maana kanisa limeingia nyufa. Jumatatu ndo ilikuwa Idi ya kuchinja. Na sisi tukaswali nje, tukachinja, nyama tukagawa pale pale uwanjani foleni ni moja, hakuna kuulizwa wewe wa wapi. Maturubai ya parokia yalipokuja paroko alimwomba shehe wetu alete orodha yake wakaziunganisha, kwahiyo mi nililala chini ya turubai la Wakatoliki na sioni aibu kulisema.

Ila na mimi nina dukuduku. Misaada ya baadae, mabati na saruji, ilikwenda kwa wenye nyumba. Mpangaji aliyepoteza kitanda, cherehani, na kodi ya miezi sita aliyolipa mbele, hayumo. Mkigawa, waulizeni wapangaji jamani, ni wengi kuliko mnavyodhani.

Sio Mnafiki

Mbona mnasifia tu? Kwetu (sitaji wapi) watu bado wanazika, kaja mhubiri na spika kwenye gari anatutangazia kwamba ni adhabu, mmezidi ulevi na uzinzi tubuni. Mama aliyefiwa na mtoto wa miaka miwili anasikiliza hayo. Mtoto wa miaka miwili amezini na nani? Tangu siku ile nikiona spika kwenye gari nahama njia.

Mchungaji mstaafu

Ndugu pole, na una haki ya kukasirika. Huyo angefungua Luka 13 mstari wa 4 kabla hajawasha jenereta. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, na Yesu mwenyewe akauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu, sivyo. Mimi nimezika watu wa mafuriko, mahubiri yangu yalikuwa dakika chache, nikakaa na wafiwa chini kwenye mkeka. Mfiwa anayeuliza kwanini hatafuti lecture.

Mkenya wa Naivasha

Sasa wakuu. Huku kwetu ni Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, alfajiri ya kuamkia Jumatatu. Maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kale kanjia ka maji chini ya reli kakaziba, ikapasuka ikabeba Kamuchiri watu wakiwa wamelala. Mimi nilikuwa kwa kamati ya kanisa ya kupeleka chakula, na wacha niseme ukweli, wiki ya kwanza kila mtu alikuja na unga. Makanisa, wanasiasa, vikundi vya WhatsApp, kila mmoja na banner yake na mtu wa picha, unga ikarundikana hadi watu wakaanza kuuza ndio wapate pesa ya makaa. Wiki ya tatu ukienda hapo hakuna gari hata moja.

Kina mama wa kanisa letu ndio walishtuka mapema, wakasema mchango wao hautoki sasa, utatoka wakati hao wengine wamechoka. Wengine waliwaona ni kama wana roho mbaya. Lakini hiyo pesa ndio ililipa rent ya mwezi wa kwanza kwa familia kadhaa wakitoka kwa kambi, na ikanunua uniform shule zikifunguliwa. Kitu ingine, watu walipoteza vitambulisho, na bila kitambulisho hupati kitu, hata line ya simu huwezi rudisha ndio utumiwe pesa. Pastor alikuwa anaenda na watu kwa chifu, anaketi nao kwa foleni hadi jioni. Hiyo hakuna aliipiga picha.

Watoto mpaka leo mvua ikinyesha usiku wanaamka wanakaa kwa mlango na viatu.

Mutoto wa Goma

Sisi ba Goma, huku Congo, tunajua kukimbia. 2002 mwezi wa kwanza lava ilipita katikati ya mji hata kanisa kubwa ikaungua. 2021 tena, tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya posho jioni, volkano ya Nyiragongo ikawaka, na nyuma ya siku kidogo batu wakaambiwa bahame, barabara ya Sake ikajaa batu na magodoro ku kichwa. Mu kanisa kule walitoa mabenchi yote inje, bamama na batoto balale ndani, baba tukalala ku veranda. Hawakutuuliza dini, walituuliza tu, mutoto wako amekula?

Mhasibu wa Parokia

Nijibu la hela, maana nimeshika vitabu vya parokia miaka mingi. Kwa Wakatoliki inatoka parokia inakwenda jimboni, kule Caritas ya jimbo (shirika la misaada la Kanisa) inapeleka kwa Caritas ya jimbo lililoumia. Wanaosema hazifiki wana sababu, hawajawahi kusomewa. Dai kitu kimoja tu: jumla iliyokusanywa isomwe kanisani, na baadae isomwe imenunua nini. Na tumeni hela, msitume mzigo. Lori la nguo kutoka Dar mpaka Katesh linakula dizeli ambayo ingenunua blanketi mpya Babati au Singida, tena duka la kule nalo linapata uhai.

Dada wa Katesh

Naona nimeulizwa la maombi kule inbox. Huyo bibi msimcheke. Kwetu walikuwepo wabibi wa rika hilo, hawana cha kutoa, walikuwa wanakuja kambini jioni wanakaa na waliofiwa wanasali rozari taratibu mpaka mtu anasinzia. Manesi wanagawa dawa za usingizi, na wabibi nao wako kona ile. Mi nilisinzia kwa rozari.

Mndengereko

Nimesoma yote. Sie Muhoro, Rufiji, mafuriko ya Aprili 2024, tulikuwa tunatembea kwa mitumbwi juu ya mashamba yetu wenyewe. Nina ya kusema kuhusu mbegu, maana chakula kilikuja ila msimu ukapita bila mtu kukumbuka mbegu, isipokuwa kikundi kimoja cha kanisa na sisi huku wengi ni Waislamu. Ngoja ninunue bando nirudi niandike vizuri.