Gumzo la Familia: Safari ya Matumbawe

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Kuhusu safari ya Desemba ya kwenda Dar es Salaam kuona matumbawe, jirani yetu hapa Kisasa, Dodoma, ameshauri tuchague siku za bamvua, kwa sababu maji hukupwa sana na watoto wataweza kutembea juu ya mwamba wa matumbawe bila kujua kuogelea. Mkiafiki, nitakata tiketi za treni ya SGR mapema.

Baba Mdogo Elia: Shemeji, Desemba ninaiunga mkono, lakini bamvua ninaipinga. Siku hizo bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, mkondo huwa mkali, na mchanga ukishavurugika hata mwenye miwani ya kuzamia haoni kitu. Afadhali twende wakati wa maji mafu, yaani bahari inapopanda na kushuka kidogo, mwezi ukiwa nusu. Isitoshe, kutembea juu ya matumbawe ni sawa na kukanyaga shamba la uwele lililochipua.

Bibi: Marahaba wanangu. Elia, mimi najua matumbawe ni mawe, maana watu wa Pwani walijengea nyumba. Jiwe linaumiaje?

Baba Mdogo Elia: Mama, yaliyojengewa nyumba ni mabaki tu. Tumbawe lililo hai ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kuwagawia. Bahari ikipata joto la kupita kiasi kwa majuma kadhaa, mwani hutoka, tumbawe likabaki jeupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Mwaka 1998 maafa hayo yalikumba sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwamo. Likivunjwa na mguu wa mtalii, huchukua miaka mingi kukua tena.

Neema: Shikamoo Bibi, shikamoo Baba Mdogo. Je, tutamwona papa potwe?

Baba Mdogo Elia: Marahaba. Huyo mfuate kisiwani Mafia, karibu na Kilindoni, ambako huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari. Ni mkubwa kuliko samaki wote, lakini hula vijidudu na samaki wadogo anaowachuja majini. Sisi tunakwenda Mbudya, kwa boti kutoka Kunduchi. Huko tazamia samaki wa rangi nyingi, viti vya pweza (wanyama wenye umbo la nyota) na shokonoko, ambaye miiba yake ni sababu nyingine ya kutokanyaga ovyo. Kisiwa hicho ni hifadhi tangu mwaka 1975, kwa hiyo hata simbi, yaani makombe, hatuokoti.

Shangazi Rehema: Na wasiojua kuogelea, ambao katika ukoo huu ndio wengi?

Baba Mdogo Elia: Dada, watavaa maboya na kuelea kando ya mwongozaji, nyuso zikiwa majini. Wavae pia fulana za mikono mirefu, kwani jua huunguza mgongo bila mtu kujua.

Mama Neema: Basi nitatafuta tarehe ya nusu mwezi kabla ya kukata tiketi. Bibi, nikuhesabu?

Bibi: Nihesabu, ila mimi nitabaki kivulini ufukweni na mikoba yenu.