Naomba ushauri: mama ana presha, figo zimeanza kusumbua, aendelee na losartan?

Hamjambo wandugu. Mama yangu anauza omena Kibuye hapa Kisumu, ana presha na sukari ya muda mrefu. Alitolewa kwenye enalapril, dawa ya presha, kwa sababu ya kikohozi kikavu kisichokatika usiku, akapewa losartan badala yake. Sasa kreatinini (kipimo cha damu kinachopanda figo zikichuja kidogo) imetoka 115 hadi 132, na mkojo una protini. Jirani kamwambia dawa ndiyo inayomla figo, naye anataka kuiacha.

Daktari alinieleza hivi: homoni ya angiotensini hubana mishipa midogo inayotoa damu kwenye vichujio vya figo, presha humo ndani ikapanda na protini ikapenya. Homoni hiyohiyo huchochea kemikali kali za oksijeni zinazochubua seli za figo, na sukari ikiwa juu ndiyo huzidi. Losartan huizuia isifanye kazi, presha ya kwenye vichujio ikashuka, kwa hiyo kreatinini kupanda kidogo mwanzoni si ajabu, mradi isipite asilimia 30 na potasiamu iwe sawa. Mimi nimeridhika. Mama je? Jirani ana sauti kuliko daktari!

Tena kuna mtu anamuuzia vidonge vya "kusafisha figo", bei yake we acha tu. Na magoti yakiuma ananunua diklofenaki, ambayo najua haifai kwa figo.

Waliouguza wazazi hivi: vipimo mlirudia baada ya muda gani? Maumivu ya magoti mlitumia nini? Na mlimshawishi vipi mzee mbishi asiache dawa?