Banda la gari nyumbani Arua, nguzo za chuma au mikaratusi?

Mama_Noah (Arua, Uganda)
Wandugu habari za saa hizi. Niko Mvara, kaploti ketu ni kale ka futi 50 kwa 100, nyumba imekula karibu kote imebaki upande mmoja tu, kutoka geti mpaka ukuta wa jirani, upana mita 4 hivi. Gari ni Noah, huwa nalilaza chini ya mwembe, na mwembe wenyewe alipanda mama mkwe kwa mikono yake kwa hiyo habari ya kuukata hata msinishauri. Juzi usiku embe bichi limeanguka limepasua kioo cha mbele, na popo nao na mavi yao, rangi ya juu imeanza kuliwa. Sasa nataka banda. Fundi wa kwanza anasema paipu za chuma na mabati, milioni 4. Wa pili anasema nguzo za mikaratusi, milioni 2 na laki 3, "itadumu mama usijali", tena anasema nguzo mbili tu zinatosha upande wa pili atapachika juu ya ukuta wa jirani. Mzee wa nyumbani ameshampenda huyo wa pili, mnajua kwa nini. Mnasemaje? Na kimo kiwe ngapi?

welda_wa_jinja
Pole mama na kioo. Ukuta wa jirani asiuguse mtu, hata kama leo mnasalimiana vizuri. Ukuta wa uzio umejengwa ujibebe wenyewe tu, ukiupachikia paa siku ukipasuka mtapelekana kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na utashindwa asubuhi na mapema.

Halafu watu wengi wanaogopa paa litaangukia gari. Bati halina uzito wa kutisha hivyo, adui wa banda la gari ni upepo, kwa sababu pembeni kote wazi unaingia kwa chini unalibeba kama mwavuli. Piga hesabu, upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kama kilo 47 kwa kila mita ya mraba, banda la mita 3 kwa 6 ni mita za mraba 18, hapo unavutwa juu karibu kilo 850. Mabati yako na vyuma vyote havifiki hata nusu ya hizo. Kwa hiyo kinachoshika banda ni zege lililo chini, siyo nguzo unazoziona. Shimo la sentimita 50 kwa 50, kina 70, likijaa zege ni kilo 400 na kidogo, zidisha kwa nguzo nne umeshaushinda upepo. Mchanganyo simenti 1 mchanga 2 kokoto 4, na ulimwagilie maji wiki nzima kabla ya kupandisha paa. Fundi akichimba futi moja akamwaga karai mbili anakuambia tayari, mlipe chakula cha mchana aende.

Nasema haya kwa sababu la kwanza nililojenga mimi, la shangazi yangu, lilitua kwa muhogo wa jirani likiwa na nguzo zake zote nne. Tuliokota kila kitu mpaka skurubu.

Oketch_Gulu
Hahaha muhogo ulipona? Ila mimi nitatetea mikaratusi kidogo, siyo kila mtu ana milioni 4. Shida yake ni pale inapoingia kwa udongo, mchwa wa huku kaskazini hawana utani, hata ukipaka oil chafu ya gereji unachelewesha tu. Mimi nguzo zangu hazigusi udongo kabisa. Kwa kila msingi tulisimamisha chuma mbili bapa ndani ya zege bado bichi, nguzo ikakaa katikati yake juu ya ardhi kama sentimita 15, ikafungwa na bolti mbili za kupita. Ukiona mchwa wanapanda unawaona mapema, na nguzo ikioza unabadilisha moja tu. Au kama unapata zile zilizopikwa dawa za kijani, kama nguzo za umeme, chukua hizo.

welda_wa_jinja
Hapo Oketch umesema kweli. Mama unaweza hata kuchanganya, nguzo chuma, juu mbao, bei inashuka. Ukienda kwa chuma hakikisha paipu imezibwa juu, maji yakiingia ndani inakula kutu kutoka ndani wewe unaendelea kupaka rangi nje. Na kila mahali palipochomelewa pasuguliwe kwanza ndiyo pakae red oxide (rangi ya kuzuia kutu), mafundi wanapenda kupaka juu ya moshi.

mzee_wa_pima_maji (Mbale)
Binti yangu hujajibiwa kimo. Noah ni mita 1.85 hivi, ukiongeza keria na mzigo unakaribia 2.2. Upande wa chini weka 2.4. Mteremko digrii 10, kwa upana wa mita 3 ni kama sentimita 53, kwa hiyo upande wa juu utakuwa 2.93, sema 2.95. Mteremko uelekee kwako, siyo kwa jirani! Mvua ya milimita 20 tu juu ya mita 18 za mraba ni lita 360, zote zikimwagwa kwa ua wa mtu ni ugomvi. Weka gata na pipa, utafulia.

Mabati chukua geji 28, usidanganywe na 30 ati namba ni kubwa, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Embe likianguka usiku mtaruka kitandani lakini kioo kitakuwa salama.

Mambo mawili fundi hatakuuliza. Karo la choo liko wapi? Nimeona mtu amechimba shimo la nguzo akatokea kwa karo, na wengine wanaegesha gari juu ya mfuniko wake kila siku. Na kibali, hata kama ni banda, pita kwanza kwa injinia wa mji, sheria ya majengo ya 2013 ipo na kubomoa ni ghali kuliko kuuliza.

Mama_Noah
Banange asanteni sana. Karo liko nyuma ya jikoni, hapo niko salama. Leo nimefunga kamba kwa vijiti vinne, mita 3 kwa 6, nikaingiza gari nikafungua milango yote, inaenea. Halafu nikaenda kufunga geti... linafungukia ndani na bawa la kulia linagonga kijiti cha mbele! Mzee wa nyumbani amecheka mpaka ameketi chini.

welda_wa_jinja
Afadhali limegonga kijiti. Nguzo mbili za mbele zirudi nyuma mita moja, paa libaki palepale litokeze mbele bila nguzo, mita moja si shida. Ila mashimo ya hizo mbili yapanue yawe 60 kwa 60, maana upepo utalishika paa hapo mbele kwanza.

Mama_Noah
Sawa, nimemchagua fundi wa chuma, mbao juu, ameshuka mpaka milioni 3 na laki 2. Sasa mama mkwe amepiga simu anauliza kama paa litazuia mvua isifike kwa mizizi ya mwembe wake.

mzee_wa_pima_maji (Mbale)
Mwambie pipa likijaa maji yanayozidi yataelekezwa kwa mwembe. Na umaanishe.